Sahani ya orifisi kwenye laini ya gesi: mita nzuri, ila jua ikichoka inampunja nani

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aishie hapa. Kwa gesi kavu, safi, inayopita kwa kiwango kisichopanda na kushuka sana, sahani ya orifisi naipa nyota nne kati ya tano na sibishani na mtu. Kwa laini ambayo saa hii imejaa na baadaye gesi inapita kidogo kidogo tu, naipa mbili. Na kama gesi yako inakuja na maji au mafuta mepesi ndani yake, hata hizo mbili ishukuru. Kwa nini, nitaeleza, ila kuna jambo moja ambalo wanaoisifia hawalisemi na wanaoiponda pia hawalisemi: hii mita ikichoka haisomi ovyo, mara juu mara chini, mara nyingi sana inasoma PUNGUFU. Yaani gesi inapita nyingi, karatasi inaandika kidogo. Kwa hiyo ubora wake unategemea pia wewe umekaa upande gani wa bomba, unauza au unanunua.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, ni kipande cha chuma bapa, mara nyingi stenlesi, duara, chenye tundu moja katikati na mkia wa kushikia unaotokeza nje. Kinabanwa kati ya flenji mbili na gasketi zake. Basi. Hakuna kinachozunguka, hakuna cha kutia grisi. Gesi ikifika pale inalazimika kupenya kwenye tundu, kasi inapanda, presha inashuka, na wewe unachukua presha ya kabla na ya baada kwa vibomba viwili vyembamba mpaka kwenye transmita, inasoma tofauti (sisi tunaiita dipi tu), na mtiririko unatokana na kipeuo cha pili cha hiyo dipi. Msingi wake ni wa Bernoulli, kitabu cha 1738, na kwenye gesi asilia imeanza kutumika kwa uzito mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, ambako Weymouth alifanya majaribio yake akiwa ameweka matundu ya presha inchi moja kutoka kila uso wa sahani. Ile inchi moja ipo mpaka leo, ukifungua flenji za orifisi utaikuta, milimita 25.4 kila upande.

Sasa uzuri wake. Mita nyingi za gesi ukitaka kujua kama bado zinasema kweli inabidi uzing'oe uzipeleke maabara yenye gesi inayotembea, afu usubiri. Hii unaing'oa, unaifuta, unachukua mikromita na rula iliyonyooka, unaangalia kipenyo, ubapa na ukingo, na kama vipimo vimekaa ndani ya kiwango basi umeshaikagua hapohapo. Hiyo inawezekana kwa sababu watu walishapima sahani za aina hii mara nyingi mno kwenye maabara na matokeo yakawekwa kwenye viwango, ISO 5167 cha kimataifa kwa upande mmoja na AGA 3 cha chama cha gesi cha Marekani kwa upande mwingine, kwa hiyo yako ikifanana na zile kwa umbo basi itafanana nazo kwa tabia. Mgawo wake wa kutoa, yaani namba inayosahihisha hesabu ya nadharia ifanane na gesi inayopita kweli, unazunguka kwenye 0.6, unakokotolewa kwa fomula ya Reader-Harris na Gallagher, na ISO wanakupa shaka ya nusu asilimia tu kwenye huo mgawo kama uwiano wa tundu na bomba, yaani beta, upo kati ya 0.2 na 0.6. Ukipanda mpaka 0.75, ambao ndo mwisho wanaoruhusu, shaka inafika asilimia 0.75. Kwa kipande cha chuma chenye tundu, mi naona hiyo ni heshima kubwa.

Ila hiyo nusu asilimia ni ya sahani iliyokaa kama kitabu kinavyotaka, na hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Tuanze na ukingo maana ndo roho ya mita yote. Upande gesi inapoingilia, ukingo wa tundu lazima uwe mkali, mkali kwelikweli, ISO wanasema mviringo wake usizidi 0.0004 ya kipenyo cha tundu. Tundu la milimita 50 maana yake ni 0.02 ya milimita, wembamba kuliko unywele wa kichwani. Huwezi kuuona kwa macho hivihivi, lakini kuna njia rahisi inayokubalika kwa matundu ya milimita 25 na kuendelea: elekeza mwanga wa tochi kwenye ukingo uangalie, kama haurudishi mng'ao, mzima. Ukiona kamstari kanang'aa kuzunguka tundu, ukingo umeshalika. Na unalika na nini? Mchanga, kutu inayosafiri kwenye bomba, slagi ya kuchomelea laini mpya, na mafundi wenyewe wanaosafisha na msasa. Msasa jamani! Nimeona sahani imeng'arishwa mpaka unajiona sura, mwenye nayo anajisifu, kumbe ameua mita. Kitambaa laini na kitu cha kuyeyushia mafuta vinatosha.

Ukingo ukilika kidogo, gesi inapita kwa ulaini zaidi, haibanwi kama mwanzo, dipi inashuka, na kompyuta inayokokotoa mtiririko, ambayo haijui chochote kuhusu ukingo, inaandika mtiririko mdogo. Sahani ikipinda kwa sababu mtu kafungua valvu ghafla presha ikaipiga, mara nyingi ni vilevile, pungufu. Uso wa mbele ukishika grisi na uchafu, pungufu. Ile valvu ya katikati kwenye manifoldi ya valvu tatu (kipande kinachounganisha vibomba na transmita) ikivuja, presha ya juu inapenya kwenda upande wa chini, dipi inapungua, pungufu tena. Na kubwa kuliko zote ni sahani iliyowekwa kinyume. Sahani nene ina mchongo wa mshazari wa kama nyuzi 45 na huo mchongo unatakiwa utazame upande wa baada, gesi inakoelekea. Ukigeuzwa ukatazama inapoingilia, ukingo mkali unakuwa nyuma, na usomaji unaweza kushuka zaidi ya asilimia 10 bila alamu yoyote, bila kelele, grafu imenyooka vizuri kabisa, na inaweza kukaa hivyo mpaka siku mtu atakapofungua flenji. Ndo maana kwenye mkia kunapigwa chapa ya upande wa kuingilia pamoja na kipenyo cha tundu, na ndo maana mkia ukiwa umepakwa rangi juu ya chapa mi nakwangua kwanza kabla ya kujadili kitu kingine.

Unaona mwelekeo? Karibu kila ugonjwa wa sahani yenyewe unamwumiza muuzaji. Mnunuzi hana haraka ya kuita ukaguzi. Kama wewe ndo unauza gesi na mkataba wako unasema sahani ifunguliwe "inapobidi", ujue hakuna atakayekuja kukuambia imebidi.

Kwa haki niseme na yanayosomesha juu maana yapo. Gesi yenye majimaji inasomesha zaidi ya gesi iliyopo, kuna masahihisho ya Murdock na Chisholm kwa hali hiyo lakini yanataka ujue kiasi cha maji, na ukijua kiasi cha maji nusu ya tatizo lako lilishaisha. Kompresa za pistoni zikiwa karibu, presha inadundadunda na mita inasoma juu, kwa sababu kipeuo cha wastani wa dipi ni kikubwa kuliko wastani wa vipeuo, hesabu tu haina huruma. Kibomba cha upande wa presha ndogo kikivuja, juu. Afu kuna hili la kuchekesha: transmita imesetiwa itoe kipeuo chenyewe, na kompyuta ya mtiririko nayo imesetiwa itoe kipeuo, kwa hiyo kinatolewa mara mbili. Dipi ikiwa robo ya skeli mtiririko halisi ni asilimia 50, mashine inakuandikia karibu 71. Ukitaka kulijua hilo angalia wakati mtiririko umejaa na wakati umeshuka, kwenye kujaa kabisa kosa halionekani maana kipeuo cha moja ni moja tu, ukishuka ndo linajitokeza.

Udhaifu mkubwa ambao hauna dawa ni huo huo wa kipeuo. Mtiririko ukishuka mpaka asilimia 30, dipi imebaki asilimia 9. Ukishuka mpaka 10, dipi ni asilimia 1. Chukua transmita ya milibari 250 ambayo sifuri yake imehama robo milibari tu, kitu kidogo, jua tu limeipiga au imekaa muda. Gesi ikiwa imejaa hiyo ni kosa la asilimia 0.05, huwezi hata kuliona. Gesi ikiwa asilimia 10, dipi nzima ni milibari 2.5, na ile robo milibari ni kosa la asilimia 10 kwenye dipi, yaani kama asilimia 5 kwenye mtiririko. Ndo maana watu wazima kwenye kazi hii wanakwambia usiitegemee zaidi ya tatu kwa moja, yaani mtiririko wa juu usizidi mara tatu ya wa chini, ukibana sana nne kwa moja. Unaweza kuweka transmita mbili, moja ya dipi kubwa moja ya ndogo, ukasogeza mpaka mbali kidogo, au ukabadilisha sahani kufuata msimu. Kwa hilo la kubadilisha kuna zile fitingi za vyumba viwili, unaitoa sahani gesi ikiendelea kupita kwa kuizungusha na gia mpaka chumba cha juu, unafunga mlango wa kati, unatoa presha, unafungua. Ukishazoea fitingi hiyo hutaki tena kusikia habari za kutanua flenji kwa kabari. Ila ina sili zake, na sili ikikatika gesi inapita pembeni ya sahani bila kuhesabiwa. Pungufu, tena.

Nafasi. Hapa ndo wabunifu wa mitambo na sisi tunapokosana. Sahani inataka gesi ije imetulia, haizunguki, haijaegemea upande mmoja, kwa hiyo inataka bomba lililonyooka kabla yake. Baada ya kona moja ya nyuzi 90, ISO wanataka vipenyo 22 vya bomba kama beta ni 0.5, na ukienda beta 0.6 inaruka mpaka 42. Kwa bomba la milimita 200 hiyo ni mita 4.4 dhidi ya mita 8.4. Kona mbili zilizopinda pande tofauti ni mbaya zaidi maana zinaizungusha gesi. Mchoraji anakuja na skidi (fremu inayobeba vifaa) imebanwa, kona, valvu, kona, sahani, afu anasema mita haisomi sawa. Kuna vifaa vya kutuliza gesi vyenye matundu matundu vinavyowekwa mbele, vinasaidia kweli, lakini navyo vinaziba uchafu, nusu ikiziba umetengeneza ugonjwa mpya ambao hukuwa nao. Nikiwa na chaguo mi nachukua beta ndogo kidogo na bomba la kunyooka kuliko beta kubwa na kifaa.

Lakini beta ndogo ina gharama yake, presha. Dipi unayoiona sio yote inayorudi. Kadirio la ISO ni kwamba sehemu inayopotea moja kwa moja ni kama 1 toa beta iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.9, kwa hiyo kwenye beta 0.5 unapoteza karibu asilimia 73 ya dipi, na kwenye 0.7 karibu nusu. Kwenye laini ya bar 60 nani anajali milibari 180, lakini kwenye laini ya presha ndogo inayolisha vichomeo hiyo ni pengo la kweli, na hapo venturi (bomba linalobana gesi taratibu na kuiachia taratibu) au mita ya mawimbi ya sauti inaipiga sahani bila jasho.

Afu densiti. Watu wananunua sahani nzuri na transmita nzuri afu wanaweka joto na presha kama namba za kudumu kwenye kompyuta, "gesi yetu haibadiliki". Inabadilika. Mtiririko wa kiwango, yaani uliogeuzwa kuwa kwenye presha na joto la rejea, unafuata kipeuo cha presha kamili gawanya kwa joto la Kelvini. Kipimajoto kikisoma nyuzi 26 wakati gesi ina 20, umepunguza densiti kwa asilimia 2 na mtiririko kwa 1. Na hiyo presha ni KAMILI, sio ya geji, ambayo inaanza kuhesabu juu ya presha ya hewa. Aliyeingiza bar 4 za geji badala ya bar 5 kamili amejipunguzia kama asilimia 10.6 kwa mkupuo mmoja, wakati kosa lilelile kwenye bar 60 ni kama asilimia 0.8, ndo maana kwenye presha kubwa halikamatwi haraka. Tena gesi ikishapita tundu inatanuka, kwa hiyo kuna kigezo cha kutanuka ambacho hakipo kwenye maji, na ISO hawataki presha ya baada ishuke chini ya robo tatu ya ya kabla. Kwenye gesi asilia ya presha kubwa unaongeza na kigezo cha mgandamizo, ambacho kinataka uchanganuzi wa gesi wa hivi karibuni, sio ile karatasi ya siku ya uzinduzi wa mtambo.

Vibomba vya presha navyo visidharauliwe. Kwa gesi transmita ikae JUU ya bomba na vibomba viwe na mteremko wa kurudisha majimaji kwenye laini. Nimeshakuta transmita imetundikwa chini ya bomba kwa sababu fundi alitaka isomeke bila ngazi, na kwenye kibomba kimoja maji yamejaa sentimita kadhaa. Sentimita 10 za maji ni karibu milibari 10, na kama transmita yako inasoma milibari 250 hebu fikiria. Vibomba viwe vifupi, vilingane, na bila valvu nyembamba zisizo na kazi.

Dhidi ya wenzake nitapita haraka. Tabini inasoma vizuri kwa upana zaidi lakini ina beringi na haipendi uchafu, na ikiachiwa gesi kwa kasi inaweza kujiua. Koriolisi inapima uzito moja kwa moja na haisumbui kuhusu kunyooka kwa bomba, ila kwenye mabomba makubwa inakuwa dude zito na ghali. Mawimbi ya sauti ndo mpinzani wa kweli, haina upotevu wa presha, upana mkubwa, na inajieleza yenyewe ikiumwa, kitu ambacho sahani haikijui kabisa. Kama ningejenga kituo kikubwa kipya cha kuuzia gesi ningeiangalia hiyo kwanza. Lakini kwa laini ya kawaida, mtambo ambao fundi wake ana mikromita na hana mkataba wa mtaalamu wa kuja na laptopu, sahani bado inanunulika.

Ukiagiza, usiseme "sahani ya inchi nane" ukakata simu. Toa kipenyo cha NDANI cha bomba kilichopimwa, sio cha kwenye jedwali, maana unene wa bomba unabadilisha beta. Taja mtiririko wa chini kabisa na wa juu kabisa unaoutegemea kwa kweli, sio ule wa ndoto za upanuzi. Wengi wanapewa tundu kubwa kwa ajili ya mzigo ambao hauji na wanabaki wanapima kwenye asilimia 15 ya skeli. Dai cheti chenye kipenyo cha tundu kilichopimwa sehemu kadhaa na joto la chumba wakati wa kupima, afu namba hiyo iende kwenye kompyuta kama ilivyo, maana kosa la asilimia 1 kwenye kipenyo ni zaidi kidogo ya asilimia 2 kwenye gesi. Angalia gasketi zisichungulie ndani ya bomba. Nilishapokea sahani kutoka kwa mchongaji mmoja, cheti kizuri, mhuri, kila kitu, ila ukingo wa mbele alikuwa ameupitishia jiwe "ili usikate mikono". Ilirudi siku hiyohiyo.

Na agiza mbili, zenye tundu moja sawa. Moja inafanya kazi, nyingine inakaa kwenye sanduku lake imefungwa vizuri, haijatundikwa kwa msumari karakana. Siku ya ukaguzi unaziweka sambamba chini ya tochi na tofauti ya ukingo unaiona mara moja, na iliyochoka unaiandikia tarehe na kuipima kabla hujaitupa, maana muuzaji na mnunuzi watakapoanza kugombea miezi iliyopita, hicho kipande cha chuma ndo kitaulizwa.